Amanani, Wasikofungua Kilicholetwa

Amanani haimo katika ramani, na njia ya kufika sitaionyesha, maana mimi nilifika kwa kupotea na mtu hafundishi wenzake kupotea. Nitasema tu niliyoyaona huko na niliyoyasikia. Atakayedhani nimetia chumvi, aende akaonje mwenyewe.

Ni nchi ya watu wapole na wasafi. Kila nyumba ina kompyuta, kila kompyuta imefunikwa kitambaa kilichodariziwa, na ndani ya kompyuta hizo hamna kitu. Mwanzoni nilidhani wananificha mali zao kwa kuwa mimi mgeni. Sivyo. Mali yote ya Waamanani, picha za harusi zao, nyimbo, hati za mashamba, sauti za watoto wao walipoanza kusema, yote imewekwa katika jumba moja kubwa lisilo na madirisha katikati ya mji, nalo huitwa Bohari. Kutoka Bohari unatoka waya unaoingia kila nyumba. Mtu akitaka kuiona picha ya mamaye huketi mbele ya kompyuta yake akaiomba, picha ikaja kwenye kioo, akaitazama hadi akatosheka, kisha ikarudi ilikotoka. Nyumbani haibaki.

Niliuliza kwa nini watu wasikae na vitu vyao wenyewe. Kumbe swali hilo ni la zamani kuliko barabara zao. Baraza la nchi ile limegawanyika pande mbili tangu enzi za mababu. Wako Wahamishaji, wasemao kwamba kitu ni kama mtu, hakiwezi kuwa huku na kule kwa wakati mmoja, hivyo kikienda nyumbani sharti kitoke Bohari. Wako na Wanakili, wasemao kwamba kitu cha Bohari ni kama moto wa jirani, unakwenda kupalia kaa, unawasha kwako, na jikoni kwake haupungui. Wahamishaji huwauliza wenzao: na hicho cha nyumbani kikibadilishwa neno moja, kipi kitakuwa cha kweli? Wanakili nao huuliza: na hicho chenu kikipotea njiani, huku kimeshatoka na kule hakijafika, nani atakilipa? Maswali yote mawili ni mazuri, na kwa kuwa ni mazuri hakuna aliyeyajibu. Wajumbe huyarithi kwa baba zao kama watu wa kwingine wanavyorithi minazi.

Hatimaye ulipatikana mwafaka, na Waamanani wanauonea fahari kuliko kitu chochote walichojenga. Mtu akiomba kitu chake kije nyumbani, hupelekewa alama. Alama ni picha ndogo ya kitu chenyewe, ina jina lake sawasawa, na katika pembe ya chini ina kijishale kilichopinda. Hufika papo hapo, hata chai haijapoa. Wahamishaji waliridhika kwa kuwa kitu hakikuwa mahali pawili. Wanakili waliridhika kwa kuwa Bohari haikupungukiwa. Wananchi waliridhika kuliko wote, kwa sababu hawakujua.

Walikosaje kujua? Hapo inaingia desturi. Katika nchi ile kilicholetwa hakifunguliwi. Akikuletea mtu kikapu, unakipokea kwa mikono miwili, unashukuru, unakiweka. Kukifungua mbele yake ni kumwita mwongo, na kukifungua akishaondoka ni kumwita mwongo nyuma ya mgongo wake, ambako ni kubaya zaidi. Serikali ikikuletea kitu, adabu hiyo huongezeka mara mia. Nilisifu desturi hiyo nilipoisikia. Nchi ambayo watu wanaaminiana hivyo, nilijiambia, si nchi ya kubeza.

Nilifika katika juma la sherehe. Bohari ilikuwa imejaa, na Baraza lilikuwa limeamua kutafuta nafasi kwa wale wasioweza kulalamika, yaani marehemu. Alhamisi, mara baada ya alasiri, vitu vyote vya waliokufa vingefagiwa. Siku hiyo waliiita Ufagio. Tangazo lilikuwa la upole: zitapigwa ngoma tatu, na kila mwenye marehemu wake amchukue nyumbani kabla ya ngoma ya tatu, ambayo ndiyo ya kufagia. Basi mji mzima ulikuwa ukichukua marehemu wake, na kila aliyemchukua wake alialika majirani, na kila mwalikwa alipiga picha za pilau na kuwapelekea walioalikwa kwingine.

Mimi nilipewa chumba kwa Bi Kazija, mshona kofia, mjane. Sherehe yake ilikuwa Jumatano mchana. Makungu, mumewe, alikuwa ameacha sauti moja tu Bohari, na sauti hiyo ndiyo iliyoletwa. Kitambaa kilifunuliwa, tukaiona alama kwenye kioo, jina MAKUNGU chini yake, wanawake wakapiga vigelegele, kitambaa kikarudishwa. Jirani yake, Bwana Vuai, fundi wa baiskeli mwenye sauti nene, alitoa hotuba. Alisema yeye mwenyewe alikuwa amemleta nyumbani baba yake, Mzee Pandu, siku chache nyuma, na tangu hapo analala usingizi wa mtoto. Watu wakasema amina.

Walipoondoka nilimkuta Bi Kazija uani akisugua masufuria. Mimi nina ulimi usiokaa ndani.

"Bi Kazija, umemsikiliza?"

"Nani?"

"Mumeo."

Alinitazama kana kwamba nimetema mate ndani ya sufuria yake. "Mgeni, kwenu hamna adabu?"

"Adabu tunayo, lakini na wezi tunao. Kwa hiyo tunafungua."

"Hapa kitu kikiletwa kimeletwa. Nikikifungua nimemtukana Mheshimiwa Ngwali wa Bohari na ofisi yake nzima. Nitamfungua siku nikimhitaji."

"Na leo humhitaji?"

Alisugua kwa muda. "Namhitaji kila siku," alisema. "Ndiyo maana sitaki kumchokoza."

Maneno hayo yalinichoma, na ningekuwa mtu mwema zaidi ningenyamaza. Lakini kile kijishale nilikuwa nimekiona, na kwetu tunakijua. Nilimwambia kwamba kwetu alama yenye kijishale hicho si kitu chenyewe. Ni kidole kinachoonyesha kitu kiliko. Akiifungua leo itasema, kwa sababu Bohari bado inacho na waya upo. Kesho ikishafagiwa, kidole kitaendelea kuonyesha, ila kitaonyesha patupu. "Kama huniamini," nilisema, "chomoa waya kwanza, halafu ufungue."

Kuchomoa waya kwao ni kama kumfungia jirani mlango usoni. Alimaliza masufuria yake, akaingia ndani, na jioni hiyo hatukusemezana tena.

Alhamisi asubuhi aliniita. Kitambaa cha kudarizi kilikuwa sakafuni na waya mkononi mwake. Kwenye kioo yaliandikwa maneno machache: Kitu hiki hakipo hapa. Kipo Bohari.

"Nimepika pilau," alisema polepole, "nimealika watu, nimevaa kanga mpya, kwa ajili ya kidole."

Tukaenda Bohari. Mlangoni huketi siku zote wajumbe wawili, mmoja wa kila upande, ili asiwepo wa kusema Bohari ina upendeleo, na kati yao huketi Mheshimiwa Ngwali. Nilitarajia mtu mkali. Alikuwa mwembamba, mwenye macho ya mtu aliyechoka, na alisimama alipomwona Bi Kazija.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nimemfuata mume wangu."

"Tulikuletea jana, mama."

"Mliniletea kidole."

Wajumbe wote wawili walikohoa. Mheshimiwa Ngwali alitazama chini, na hapo nilijua kwamba yeye alikuwa akijua siku zote. "Basi unataka kumhamisha au kumnakili?" aliuliza.

"Nataka kumsikia."

"Hilo halimo katika hoja, mama. Ni kuhamisha au kunakili."

"Nakili."

Mjumbe wa Wahamishaji aliinua mkono. Alisema, kwa heshima zote, kwamba mama huyu akinakili leo asubuhi, basi kutoka sasa mpaka alasiri kutakuwa na Makungu mmoja nyumbani na Makungu mwingine Bohari. Angependa kuelezwa yupi kati yao ndiye mume. Mjumbe wa Wanakili alijibu kwamba wote wawili ni mume sawasawa. Wa kwanza akauliza kama sheria za ndoa za Amanani zinaruhusu mwanamke kuwa na waume wawili. Wa pili akasema jambo hilo linahitaji kamati. Walizungumza vizuri, kwa utulivu, kila mmoja akimwachia mwenziwe nafasi, na jua likaendelea kupanda. Ukistaajabu ya Musa utaona ya Firauni.

Bi Kazija aliwasikiliza mpaka wakapumua. "Waheshimiwa," alisema, "nipeni mmoja. Huyo mwingine mfagieni, nami sitaleta neno."

Wajumbe wakaanza kuulizana ni yupi wa kufagiwa, na Mheshimiwa Ngwali akautumia mwanya huo. Alimsogeza Bi Kazija kando, nami nikasogea nao.

"Mama, huhitaji ruhusa ya mtu," alisema. "Hukuhitaji hata jana. Ingia Bohari kwa kompyuta yako, kishike kitu chenyewe, siyo alama, useme nakili, ukiweke kwako. Mlango huo haujapata kufungwa. Tatizo ni kungoja. Alama inafika mara moja, kitu chenyewe kinakuja kidogo kidogo. Na kikikatika kabla hakijaisha, kilichofika hakifai. Ni chote au hakuna."

"Kwa nini hamkuwaambia watu?"

"Tuliwaambia zamani. Walitutukana kwa sababu ya kungoja. Tulipoanza kuwapa alama, walituletea keki."

Nilitaka kumkasirikia mtu yule, na hasira nilikuwa nayo tele, lakini sikupata pa kuitua. Alikuwa amesema kweli, na kweli yenyewe ilikuwa imechelewa.

Nyumbani Bi Kazija alifanya kama alivyoelekezwa. Ukatokea mstari mweupe kwenye kioo, na mwanzoni mwake rangi ya kijani, nyembamba kama ukucha. Tulingoja. Ukucha ulibaki ukucha. Nilimuuliza sauti hiyo ni kubwa kiasi gani.

"Alinirekodia salamu," alisema, "nilipokwenda kumuuguza dada yangu. Alikuwa hajui vyombo hivi. Alimaliza salamu akasahau kuzima, ikashika mchana mzima wa barazani. Mimi husikiliza mwanzo tu. Nikifika katikati huwa siwezi."

Kufikia adhuhuri kijani kilikuwa hakijafika hata robo. Nilitoka nje nikaelewa. Kila mtu wa mtaa alikuwa akipeleka picha za sherehe na kupokea picha za sherehe, na waya wa mtaa ni mmoja. Makungu alikuwa amekwama njiani nyuma ya masinia ya pilau.

Bi Kazija alijitanda kanga akaenda kwa Bwana Vuai, nami nyuma yake. Tulimkuta ameipindua baiskeli ya mtu.

"Vuai, mwanangu, nakuomba. Waambie watu wa mtaa waache kupeleka picha mpaka alasiri. Makungu hajafika."

"Hajafika vipi? Si jana tumekula?"

"Iliyofika ni alama. Nimeifungua."

Alisimama, spana mkononi. "Umefungua?" Sauti yake nene iliita majirani bila kuwaita. "Bi Kazija, wewe mtu mzima! Umefungua kilicholetwa na serikali?"

"Nimechomoa waya, nimefungua, hamna kitu. Na kwako hamna kitu, Vuai. Nenda ukatazame sasa hivi, muda bado upo. Maji yakimwagika hayazoleki."

"Baba yangu yuko mezani kwangu. Jina lake nimeliona kwa macho yangu haya."

"Jina umeliona. Chomoa waya."

Nilimwona akisita. Nina hakika alisita, maana spana ilishuka kidogo. Lakini watu walikuwa wameshajaa, na mtu aliyetoa hotuba jana hawezi kirahisi kuchomoa waya leo. Alinigeukia mimi. "Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Huyu ametujia na ugonjwa." Watu wakacheka, na kicheko kile kikafunga mjadala. Hakuna aliyekwenda kutazama. Bi Kazija alirudi nyumbani akilia kwa hasira, nami nikimfuata nikiona aibu, kwa kuwa yeye ndiye angebaki kuishi na majirani hao, na mimi ningeondoka.

Ngoma ya kwanza ililia tukiwa bado chini ya nusu. Bi Kazija alikuwa ameshika ukingo wa meza kwa mikono miwili, kama mtu anayeshikilia ngazi ili mwingine apande. Nilikata tamaa, nakiri, na nilikuwa nimeanza kutafuta maneno ya kumpa pole.

Kilichotuokoa sicho nilichokuwa nikikitazamia. Kwa ngoma hiyo watu walianza kutoka majumbani, wamevaa vizuri, kwenda uwanjani kumtazama Mheshimiwa Ngwali akiinua fagio lenye utepe. Ni adabu kwenda mikono mitupu, bila chombo chochote cha kupigia picha, hivyo mtaa mzima uliacha vyombo vyake nyumbani na picha zikakoma. Waya ukawa mtupu kama barabara wakati wa sala ya Idi. Kijani kikaanza kukimbia. Ngoma ya pili ilikikuta karibu na mwisho, kikasimama, kikaendelea tena. Kabla ya ya tatu yakatokea maneno: Imekamilika.

Bi Kazija hakupiga kigelegele. Aliunyoosha mkono akachomoa waya. Kisha ngoma ya tatu ikalia, watu wakashangilia uwanjani, na marehemu wote wa Amanani wakafagiwa.

"Nitoke?" nilimuuliza.

"Kaa. Isije ikawa kidole tena, nikawa peke yangu."

Akafungua. Kwanza kitu kiligongwa, kikakwaruzwa. Mtu alikohoa. "Hii inashika?" sauti ya mwanamume iliuliza, ya mtu asiye na haraka. "Inashika, sijui. Haya. Bi Nakuja! We, Bi Nakuja!"

"Nakuja," Bi Kazija alijibu.

Alijibu kwa sauti, kama mtu aliyeitwa kutoka chumba cha pili, kisha akajisikia, akajifunika uso kwa kanga. Baadaye aliniambia kwamba mumewe alimpa jina hilo kwa sababu kila akimwita alijibu nakuja, na haji, na hapakuwa na mtu mwingine duniani aliyelijua. Makungu alimsalimia dada mgonjwa, akasema kuku wazima, akasema nyumba imekuwa kubwa tangu aondoke. Kisha salamu zikaisha na zikabaki sauti za barazani: kete za bao zikidondoka, baiskeli ikipita, mwuza kahawa akigonga vikombe. Safari hii Bi Kazija hakuzima. Alilia, lakini aliendelea kusikiliza.

Tulikuwa tumefika mbali tuliposikia mzee mwingine akipiga kelele, "Makungu, mwizi wee, hiyo kete ilikuwa kwangu!" Akaangua kicheko cha kifua, kicheko kilichoishia kwenye kikohozi, na baada ya kikohozi kicheko tena.

"Huyo ni baba."

Bwana Vuai alikuwa amesimama kwenye mlango wa uani, mlango ambao mwanamume asiye wa nyumba haupiti. Alikuwa bado na kanzu ya sherehe. Hakuhitaji kutueleza alikotoka. Alikuwa amerudi kutoka uwanjani, amefungua cha kwake, ameona maneno kwenye kioo. Sijui alikuja kuomba radhi au kutafuta wa kulaumu, na nadhani yeye mwenyewe alikuwa ameshasahau.

Bi Kazija hakumfukuza. Alirudisha nyuma kidogo bila kuombwa, na Mzee Pandu akamwita Makungu mwizi tena, akacheka tena. Vuai aliketi sakafuni pale pale mlangoni. Nje mtaa ulikuwa umenyamaza, nyumba hadi nyumba, na nilielewa kwamba si yeye peke yake aliyefungua.

"Naomba hapo," alisema mwisho. Sauti yake ilikuwa imekonda. "Hapo tu, Bi Kazija. Anapocheka."

Ilinibidi mimi nimwambie kwamba Amanani nzima hakuna ajuaye kulikata faili vipande. Anayelichukua analichukua lote, tangu mwanzo, pamoja na salamu za mume kwa mkewe.

Mtu aliyemwaibisha Bi Kazija mbele ya mtaa adhuhuri ile alikuwa sakafuni kwake, na alichokitaka kilikuwa ndani ya kile mama huyu alichokuwa amekificha maisha yake yote. Alipangusa uso. Kisha akauchomeka waya tena, akaisogeza kompyuta upande wa Vuai.

"Nakili lote," alimwambia. "Lakini hilo jina utakalolisikia mwanzoni, Vuai, hata kwa mzaha, usije ukaniita."